Tofauti ya Nyuzi Tano

Mnunuzi wa vyuma chakavu alifika na mizani yake Jumamosi asubuhi, hata chai hatujamaliza. Alizunguka mashine ya mjomba mara mbili, akaigusa kwa ncha ya kiatu, akasema, "Hii haina kazi tena, jamani. Chaki imefia juu yake. Nawahurumia tu, nitaichukua kwa kilo."

Binamu yangu Hamisi hakujibu. Mjomba, ambaye kiharusi kilimnyang'anya upande wa kulia na maneno karibu yote mwaka 2018, alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni mwa karakana, hapa Ngamiani, Tanga. Alimtazama yule mtu, akanitazama mimi, kisha akaangalia chini. Nilidhani ni huzuni ya mzee anayeona kifaa chake kikiondoka. Ilinichukua siku tatu na kurasa nyingi za historia kuelewa kwamba alikuwa ananionea huruma mimi.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Chaki ninayoisema si ile ya kuandikia ubaoni. Ni lile bonge la chuma la duara lenye meno manne, linalofungwa kwenye ncha ya shafti ya mashine ya kukerezea mbao. Unabana kipande cha mti kwenye meno yale, unawasha mota, mti unazunguka, nawe unausogezea patasi mpaka bakuli linatokea. Chaki hufungwa kama nati: shafti ina uzi kwa nje, chaki ina uzi kwa ndani. Inaingia kwa kuzungushwa, inatoka kwa kuzungushwa. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Ya mjomba ilikuwa haijatoka tangu 2013, na katika meno yake kulikuwa na bakuli la mninga ambalo halijamalizika, limepasuka ufa mmoja kutoka ukingoni hadi kitakoni.

Familia ilihitaji pesa. Mazoezi ya viungo na dawa za presha havisubiri mtu. Mashine ikiwa nzima ingeuzwa kwa fundi mwenzake; ikiwa na chaki iliyoganda ni kilo za chuma tu. Nikamwambia mnunuzi arudi Jumanne. Mimi ni mwalimu wa historia, sijui kukereza hata mwiko. Lakini nilikuwa na siku tatu za likizo, na nilikuwa na sababu nyingine ambayo nitaieleza mbele.

Usiku ule nilianza pale ninapopaweza, yaani kwenye vitabu.

Watu wengi wakisikia "mashine ya kukereza" hudhani ni jambo lililoshuka melini pamoja na Mzungu. Kamusi inawakanusha. Kamusi ya Johnson ya 1939 inalo neno kereza, kwa maana ya kuuchonga mti ukizunguka, na inalo kerezo, chombo chenyewe. Maneno hayo hayana hata harufu ya Kiingereza. Yalikuwepo kwa sababu kazi ilikuwepo. Vitanda vya kale vya Lamu na Siyu vina matendegu yaliyokerezwa, yenye mabonde na vilima vilivyopangana kama shanga, mengine yamepakwa rangi kwa mikanda. Huwezi kupata duara la namna ile kwa shoka na tezo peke yake. Lazima mti uzunguke.

Ulizungushwaje? Katika nchi nyingi zinazoizunguka Bahari ya Hindi na katika miji ya Waarabu, kerezo la kale lilikuwa la uta. Fundi anakaa chini. Mti umeshikwa katikati ya ncha mbili. Kamba ya uta imezungushwa kwenye mti mara moja. Mkono mmoja unavuta uta mbele na nyuma, mwingine umeshika patasi, na kidole gumba cha mguu kinasaidia kuielekeza. Ni ndugu wa keke, kile kitoboleo cha mafundi wa majahazi, chenye msukano wake, jivu la kushikia juu, na uta wa kukizungusha. Huko Misri, katika kaburi la kuhani Petosiris, la miaka kama 300 kabla ya Kristo, kuna mchongo wa watu wawili kazini: mmoja anavuta kamba, mwenzake anakata. Kazi hii ina zaidi ya miaka elfu mbili, na kwa muda mwingi wa historia yake haikuhitaji umeme, mota wala chaki.

Sasa angalia jambo moja ambalo sikulifikiria hata siku moja kabla ya wikiendi ile. Kerezo la uta huzunguka pande zote mbili. Uta ukienda mbele mti unakuja kwako, na hapo ndipo unapokata. Uta ukirudi mti unakukimbia, nawe unaondoa patasi. Nusu ya mwendo ni kazi, nusu ni pumzi. Ukifunga chaki ya uzi kwenye kerezo la namna hiyo, itakazwa mbele na kulegezwa nyuma, mbele na nyuma, mpaka ikuangukie miguuni. Kwa hiyo wazee wetu hawakuwahi kusumbuliwa na chaki iliyokwama. Tatizo hilo lilizaliwa siku mashine ilipoanza kuzunguka upande mmoja bila kupumzika: kwanza kwa gurudumu la kukanyaga kwa mguu, halafu kwa maji, halafu kwa mvuke, halafu kwa umeme.

Mashine ikizunguka upande mmoja, kila unapogusa mti kwa patasi, mti unakataa, na kukataa kwake kunaisukuma chaki iingie zaidi. Unakata, inakaza. Patasi ikikamatwa ghafla na jicho la mti, inakaza kwa kishindo. Ndiyo maana haifunguki yenyewe katikati ya kazi ikamvunja fundi kifua. Kile kinachomlinda fundi mchana ndicho kinachomgomea jioni anapotaka kufunga kazi.

Jumapili tulianza. Hamisi alileta mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili ya gia, tukayadondosha pale chaki inapokutana na bega la shafti, tukasubiri. Kwenye mwili wa chaki niliona makovu: mikwaruzo ya spana ya bomba, ya zamani, imeota kutu. Mtu alishajaribu, na kwa nguvu.

"Ni yeye," Hamisi aliniambia kwa sauti ya chini. "Alihangaika nayo miezi. Fundi wa kuchomelea hapo jirani akamwambia, 'Mzee, hii tuikate kwa gesi dakika kumi, ununue nyingine.' Akakataa katakata."

"Kwa nini alikataa?"

Hamisi aliinua mabega.

Tulichofanya baada ya hapo ndicho ambacho kila mtu asiyejua hufanya. Tulikamata shafti kwa spana kwenye zile bapa zake mbili, tukabana nondo ndefu kwenye meno ya chaki, tukaning'inia. Wanaume wawili wenye afya. Mashine nzima ikasogea sakafuni, chaki haikusogea hata unywele. Nikasema niichukue nyundo kubwa. Hapo mjomba akagonga sakafu kwa bakora yake. Mara mbili, kwa hasira.

"Mjomba, shikamoo, tumekosea nini?" nilimuuliza, maana tangu asubuhi nilikuwa sijamsalimu vizuri.

Akainua mkono wa kushoto. Akaonyesha shafti, akaonyesha mahali beringi zinapokaa ndani ya kichwa cha mashine, akatikisa kichwa. Nikaelewa: nyundo ya ubavuni haimuui adui, inaua beringi. Kisha akafanya ishara ya kupangusa, halafu ya kidole kinachoungua. Moto, lakini pangusa mafuta kwanza. Kisha akafumba macho, maana ishara nazo zinachosha.

Tukaacha. Usiku nikarudi kwenye vitabu, na safari hii nilitafuta habari za uzi wenyewe.

Kiswahili kina jambo la kufurahisha hapa. Uzi ni wa cherehani. Uzi pia ni ule mfereji unaozunguka bolti. Mafundi wanasema "uzi umekufa" bolti ikianza kuzunguka bila kukaza. Na nyuzi ni kipimo cha pembe: tulifundishwa shuleni kwamba pembe ya mraba ni nyuzi 90. Neno moja, mambo matatu. Parafujo nayo, jina la zamani la skrubu, ni neno la Kireno, ndugu wa meza, bomba na roda. Wareno walifika pwani hii 1498, wakajenga Ngome ya Yesu Mombasa kuanzia 1593, wakaipoteza kwa Waomani 1698. Waliondoka, parafujo ikabaki mdomoni mwetu.

Lakini parafujo ya Mreno, na ya kila mtu wa zama zile, ilikuwa yatima. Kila karakana ilichonga uzi wake kwa mkono na kwa makadirio. Bolti ilikuwa na nati yake moja, kama mtu na kivuli chake. Ukizichanganya, kazi imekwisha. Mtu aliyebadilisha hali hii ni Mwingereza Henry Maudslay, ambaye mwishoni mwa karne ya 18 alitengeneza mashine ya kukerezea chuma iliyoweza kukata uzi uleule mara mia bila kutegemea jicho la fundi. Mashine yake moja ya mwaka 1800 hivi imehifadhiwa London. Yaani kerezo, ndugu mkubwa wa lile la matendegu, ndilo lililoizaa skrubu ya kisasa, na skrubu ikaja kulifunga kerezo.

Katika karakana ya Maudslay alipita kijana Joseph Whitworth. Huyu alisumbuliwa na jambo lingine: Maudslay ana uzi wake mzuri, jirani ana wake mzuri, na haziingiliani. Akakusanya skrubu kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima, akatafuta wastani. Mwaka 1841 akapendekeza kanuni moja: kila unene wa bolti uwe na idadi yake ya mizunguko kwa inchi, na pembe ya uzi iwe nyuzi 55, na vilele vyake viwe vya mviringo. Reli za Uingereza zikaichukua kanuni hiyo, na popote reli, meli na viwanda vya Waingereza vilipokwenda, nyuzi 55 zikaenda.

Mwaka 1864, kule Philadelphia, Mmarekani William Sellers akasimama mbele ya wenzake wa Taasisi ya Franklin akasema kanuni ya Whitworth ni nzuri lakini ni ghali. Pembe ya nyuzi 55 ni ngumu kuipima, na kilele cha mviringo kinahitaji fundi stadi na vifaa vya pekee. Yeye akapendekeza nyuzi 60, ambazo ni pembe ya pembetatu yenye pande sawa, rahisi kuichora na kuihakiki, na vilele bapa ambavyo fundi wa kawaida anaweza kuvikata. Hoja yake ilikuwa ya nchi yenye viwanda vingi na mafundi stadi wachache. Marekani ikamfuata. Mwaka 1898 mkutano wa Zürich ulipotengeneza kanuni ya uzi wa milimita, nao ukachagua nyuzi 60.

Mwaka uleule wa 1864, katika mji wa New Bedford, Massachusetts, Stephen Morse alianzisha kampuni ya kutengeneza keke za chuma zilizosokotwa. Jina lake limebaki kwenye njia nyingine ya kushika kifaa, isiyotumia uzi kabisa: kishikio chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili, kinachoingia kwenye tundu la umbo hilohilo na kushika kwa msuguano tu. Kina njia yake ya kutokea: unapitisha fimbo ya chuma nyuma ya shafti iliyo na uwazi, unagonga mara moja, kinaruka. Ndani ya shafti ya mjomba kulikuwa na tundu kama hilo, ndilo alilotumia kukereza matendegu miaka yote. Massachusetts si mbali na historia yetu pia. Wafanyabiashara wa Salem, mji wa jimbo hilohilo, walikuwa wakija Unguja kununua pembe za ndovu, Marekani ikafanya mkataba na Seyyid Said mwaka 1833, na kitambaa chao tukakiita merikani hadi leo.

Nirudi kwa Sellers na Whitworth, maana ugomvi wao ndio uliokuwa umelala kwenye karakana ya mjomba. Ukichukua bolti ya nusu inchi, Whitworth aliipa mizunguko 12 kwa inchi, Sellers akaipa 13. Hizo haziingiliani kabisa, na hilo ni jema, maana zinakutaa mapema. Lakini ukichukua bolti ya inchi moja, wote wawili waliipa mizunguko 8. Inchi moja, nane kwa nane. Ukisoma karatasi ni kitu kimoja. Tofauti ni pembe tu, nyuzi tano. Nati ya mmoja inaweza kuingia kwenye bolti ya mwingine, ikakaa kana kwamba iko kwao. Ila mbavu za uzi hazilali pamoja. Zinagusana kwenye mstari mwembamba, na ukizikaza kwa nguvu, chuma kinakula chuma.

Vita Kuu ya Pili vilipofika, jambo hili liliacha kuwa la mafundi peke yao. Waingereza na Wamarekani walipigana bega kwa bega huku bolti zao zikikataana, vipuri vikilazimika kutengenezwa mara mbili. Ndipo mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikatia saini kanuni ya pamoja. Nyuzi 60 zikashinda. Lakini mashine zilizokwisha kutengenezwa hazikusoma mkataba ule. Zilikuwa tayari zimeshapelekwa huku na huku duniani.

Jumatatu tulifanya kama mjomba alivyoelekeza. Tukapangusa mafuta yote. Hamisi akaazima tochi ya gesi. Tukapasha mwili wa chaki taratibu, tukiuzungusha ili joto lienee, huku tumeifunika shafti nyuma kwa kitambaa kilicholowa ili beringi na grisi yake zisiungue. Hesabu yake ni rahisi na inashangaza: tundu la chuma lenye upana wa milimita 25, likizidi shafti kwa nyuzijoto 100, linatanuka kama milimita 0.03 tu. Unene wa karatasi nyembamba. Ndiyo nafasi yote unayopewa, na inadumu muda mfupi, kwa sababu shafti nayo inaanza kupata moto.

Tukafunga spana kwenye shafti, tukaiegemeza kwenye gogo. Tukabana nondo kwenye meno. Nikajiandaa kuning'inia kama jana. Bakora ikagonga tena.

Mjomba alinyoosha ngumi yake ya kushoto, akaivuta taratibu kuelekea kifuani, akatikisa kichwa: hapana. Kisha akaipiga hewani kwa ghafla, fupi: ndiyo.

Hamisi akachukua nyundo ya mbao akaipiga nondo mwishoni kabisa, kuelekea upande wetu, pigo moja kavu. Tukasikia mlio ambao sitausahau, kama jino linalong'oka. Pigo la pili. Chaki ikazunguka upana wa kidole. Baada ya hapo nikaizungusha kwa mikono yenye glovu, ikawa inakwaruza njia nzima kama inayolalamika, mpaka ikanilemea mapajani ikiwa bado na moto.

Tukapiga makelele kama watoto. Mjomba hakucheka. Alikuwa ananitazama tu.

Kijana mmoja aliyesomea ufundi wa mitambo, anayekodi chumba nyuma ya karakana, akaja na geji yake ya uzi. Ni kitu kama kisu cha kukunja chenye visu vingi vyembamba, kila kimoja kina meno ya uzi wa aina yake; unakilaza kwenye bolti na kuangalia kama mwanga unapita. Akaweka kisu cha nyuzi 55 kwenye shafti. Kikalala kimya, hakuna mwanga. Akaweka kile cha nyuzi 60. Mwanga. Kisha akaigeukia chaki, akapima ndani: 60 ikalala, 55 ikapitisha mwanga.

"Nani aliyeleta chaki hii?" akauliza. "Siyo ya mashine hii. Imelazimishwa."

Nilikaa chini kwenye vumbi la mbao.

Mimi ndiye niliyeileta. Mwaka 2013 nilikuwa nimepata malimbikizo ya mshahara, nikataka kumfanyia jambo mjomba aliyenilipia ada kwa miguu ya vitanda. Watalii walikuwa wananunua mabakuli Unguja, na bakuli haliwezi kukerezwa kati ya ncha mbili, linahitaji chaki. Nikampigia simu nikamuuliza kipimo cha shafti yake. "Inchi moja, uzi nane," akanijibu. Nikaenda dukani Dar es Salaam, nikasema inchi moja, uzi nane, muuzaji akanitolea chaki mpya inayong'aa, akanihakikishia. Hakunidanganya, na mimi sikudanganya. Sote tulisema namba zilezile. Hakuna aliyetaja pembe.

Mjomba lazima aligundua mara ya kwanza alipoifunga. Mkono wa fundi wa miaka thelathini unajua nati isiyo ya kwake. Lakini nilikuwa nimesimama palepale, nimekuja kwa basi usiku kucha, nimevaa shati la sherehe, nasubiri kuona. Akaikaza. Akakereza bakuli nikapiga picha. Nilipoondoka ndipo alipojaribu kuitoa.

Na kilichofuata nilikipanga mwenyewe kichwani Jumatatu ile, kipande kwa kipande, Hamisi akinithibitishia. Chaki ikiwa imeganda, lile tundu la Morse limezibwa. Matendegu marefu hayana tena nafasi: mashine inabeba mti wa inchi 30 kati ya ncha na ncha, na chaki imekula zaidi ya inchi nne. Kazi iliyomlisha ikamtoka. Nilikuwa nikimpigia kila mwezi kumuuliza kazi zinaendaje, naye akinijibu, "Vitanda vya mbao siku hizi havina soko, baba. Watu wanataka vya chuma." Niliamini. Hata niliwahi kuandika mahali jinsi soko la kisasa linavyoua ufundi wa pwani. Kumbe sehemu ya soko hilo nilikuwa mimi, na zawadi yangu.

"Mjomba," nilimwambia, "kwa nini hukuniambia?"

Mdomo wake ulihangaika muda. Maneno aliyobaki nayo ni machache, anayatoa kama mtu anayetoa sarafu za mwisho. Akasema, "Za-wadi."

Basi. Sina la kuongeza hapo.

Nimefikiri sana tangu siku ile kuhusu namna tunavyosoma historia ya mji kama Tanga. Tunataja watawala na tarehe. Wajerumani walianza reli hapa 1893, mwaka uleule mkonge ulipoletwa na Hindorf. Waingereza wakautwaa mji 1916. Mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa 1967. Katani ya plastiki ikashusha bei, mashamba yakafungwa, na mwishoni mwa miaka ya 1980 mashine moja ya Kiingereza ikauzwa kwa fundi wa Ngamiani. Yote hayo ni kweli. Lakini fungua sanduku la spana la fundi yeyote mzee wa hapa uone: spana za Whitworth, spana za inchi za Kimarekani, spana za milimita. Kila aliyepita aliacha kipimo chake na hakuna aliyerudi kuvipatanisha. Anayevipatanisha ni fundi, kwa mkono wake na kwa hasara yake. Akikosea tunasema hakusoma. Akifaulu hatusemi kitu.

Na historia ya uzi imenifundisha kuogopa namba zinazofanana. Vitu visivyoingiliana kabisa havina madhara makubwa. Unavijaribu, vinakataa, unaviweka pembeni. Hatari ni vile vinavyokaribiana, nane kwa nane, inchi kwa inchi, ambavyo heshima na mapenzi vinatosha kuvilazimisha.

Jumanne mnunuzi wa vyuma alirudi na mizani yake. Hamisi alimpa chai, akamwonyesha shafti iliyosafishwa, uzi wake umelika kidogo mwanzoni lakini mzima. Yule bwana alicheka, akasema haya, siku nyingine. Wiki mbili baadaye mashine ilinunuliwa na seremala mmoja wa Pangani, kwa bei ya mashine, mara kadhaa ya bei ya kilo. Ningependa kukwambia kwamba Hamisi aliirithi na matendegu yakarudi. Hamisi ana bodaboda na watoto watatu. Dawa zilihitaji kununuliwa.

Seremala alipokuja na gari, mjomba aliomba asogezwe. Tukambeba na kiti chake mpaka kwenye mashine. Alipitisha kiganja cha kushoto juu ya kichwa chake, akapuliza vumbi kwenye uzi, kisha akanyoosha mkono kwenye rafu ambako huweka alama za kukatia mbao, akachukua chaki. Safari hii ni ile ya ubaoni. Kwa mkono ambao haukuwahi kuandika maishani mwake, akaandika juu ya chuma, kubwa na kwa kupinda: 55.

Akamtazama seremala mpaka seremala akaitikia kwa kichwa. Ndipo akaturuhusu tuibebe.